Kamera Iliyopimwa kwenye Mizani ya Bucha

Niliisikia kabla sijaiona. Nilikuwa bado nimelala nyuma ya pazia lililogawa chumba chetu cha mtaa wa Majengo, mjini Meru, blanketi usoni, na upande wa pili, kule studio, kitu kikalia: tak. Sauti kavu, fupi, kama komeo linalorudi mahali pake. Kimya. Kisha kikalia kingine, kwa upole zaidi, halafu kikanguruma kidogo kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kiberiti. Tak. Kimya. Ngrrr. Nikalitupa blanketi. Kamera zimefika.

Kaka yangu alikuwa amezileta jioni iliyotangulia, mimi nikiwa Nchiru kuwapelekea wanafunzi picha zao, na kwa ukaidi wake hakuniambia neno. Alitaka kuzisikiliza peke yake kwanza. Nilipotoka nyuma ya pazia nilimkuta ameketi kwenye kiti cha wateja, mbele ya ukuta wetu uliochorwa maporomoko ya maji, kamera moja mkono wa kulia, nyingine mkono wa kushoto, macho ameyafumba.

"Hii nzito ndiyo," akasema bila kuyafumbua.

"Hujaniuliza."

"Nakuambia sasa."

Studio tuliachiwa na baba, pamoja na kamera ambayo pazia lake la ndani, lile la kuzuia mwanga, lilikuwa limetoboka. Kila picha ilitoka na doa jeupe mahali palepale. Bwana harusi mmoja alionekana na mwezi begani, akataka kujua kama alikuja nao mwenyewe. Kwa hiyo tulikuwa tunatafuta kamera nyingine, na mwalimu mmoja wa kigeni aliyefundisha fizikia kwenye shule ya huko juu, karibu na mashamba ya chai, alikuwa anarudi kwao na kuuza vitu vyake. Alikuwa na mbili. Alituruhusu tukae nazo hadi Jumapili, tuchague, tumrudishie nyingine. Nguvu yetu ilikuwa ya moja tu.

Kaka aliitaka kwa ajili ya studio. Mimi niliitaka ili niondoke.

Sina njia ya kulisema hilo kwa adabu zaidi. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, na miguu yangu ilikuwa haitulii hata nikiwa nimelala. Niliposikia lori likibadilisha gia kwenye mteremko wa Makutano nilihisi limenisahau. Na safari hii nilikuwa na mahali pa kwenda. Mhariri mmoja wa jarida la wasafiri, huko Nairobi, alikuwa ameniambia kwa simu kwamba gari lao lingezunguka kaskazini msimu mzima, Isiolo, Marsabit, hadi ziwani Turkana, na ndani yake kulikuwa na nafasi moja ya mpiga picha. Alitaka kuona kwanza kazi ya upande wetu wa mlima: kutoka kwenye chai na ukungu, kushuka hadi Mbeere kwenye jua. Kazi ikimpendeza, nafasi ni yangu. Nafasi moja. Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo, nikayatafuna pamoja na chai.

Kamera ya kwanza ilikuwa ya chuma, rangi imebanduka kwenye kona, haikuhitaji betri kufanya kazi, na ilikuja na lenzi moja ndefu ndani ya mfuko wa ngozi. Ya pili ilikuwa mpya, ya plastiki, nyepesi, inatafuta picha yenyewe na kuvuta filamu yenyewe. Ndiyo iliyonguruma. Niliishika na mkono wangu ukasahau kuwa umeshika kitu. Niliona barabara zote nilizotaka kuzipita nikiwa na kitu hicho shingoni.

"Hii ni ya safari," nikasema.

"Hiyo ni ya watoto."

"Utabeba chuma hadi Turkana wewe?"

"Nani anaenda Turkana?"

Akatoka nazo zote mbili. Nikamfuata kandambili mguuni. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mwenye bucha, mzee mcheshi aliyezaliwa hapohapo Majengo, na asubuhi ile alikuwa ndiyo kwanza anatundika nusu ya mbuzi. Kaka akaweka kamera ya chuma kwenye sahani ya mizani.

"Futa kwanza!" nikapiga kelele.

"Binti, sahani yangu ni safi kuliko sahani za kwenu," mwenye bucha akasema, lakini akaifuta. Akaangalia mshale. "Mashaallah. Hii ina mfupa." Kisha akaweka ile ya plastiki, mshale ukasogea kwa aibu. "Hii je? Hii ni pafu. Pafu mimi nawapa paka."

Kaka akanigeukia kana kwamba mahakama imeamua. Watu wetu walinunua hivyo: jembe, sufuria, redio. Kizito ni kizima. Hata mke wa mchungaji, aliponunua cherehani, alimwita mwanamume amwinulie aone.

Ningebishana mpaka adhuhuri kama nisingeifungua ile ya plastiki na kuona betri yake. Kitu kifupi, kinene, cha ajabu. Nilizunguka nacho Meru mjini duka hadi duka, na kila mwenye duka alikigeuza kwenye kiganja, akakirudisha kwa huruma. Mmoja aliniuliza kama ni dawa ya mifugo. Nikajiona nimesimama mahali fulani Marsabit, mbele ya kitu ambacho sitakiona tena maishani, na kamera imekufa mkononi. Jumapili tulimrudishia mwalimu ile nyepesi. Kaka alifurahia uzito wa ile ya chuma. Mimi nilifurahia lenzi yake ndefu. Tulikubaliana juu ya kamera moja kwa sababu mbili ambazo hazikuwahi kusalimiana.

Lenzi fupi ya kamera ya baba iliingia kwenye hii mpya vizuri kabisa. Zilikuwa za ukoo mmoja. Kaka aliipangusa na kuiweka kwenye rafu yake. Mimi sikuitaka. Lenzi fupi ilikuwa ni studio: mtu amesimama mbele ya maporomoko ya rangi ya mafuta, mikono ameibana ubavuni, na chini kabisa, lazima, viatu. Kwetu picha isiyo na miguu haikulipiwa. Mteja aliipindua, akatafuta chini, akauliza mimi nimeishia wapi. Ndiyo maana kaka aliweka jozi moja ya viatu vyeusi chini ya kiti, vikubwa, vya kuazima, na magazeti ya kujazia vidoleni. Nusu ya Majengo ilikuwa imepigwa picha ndani ya viatu vile.

Mimi nilitaka nyuso. Nilitaka kukaa mbali, niuvute uso wa mtu ambaye hajui, pamoja na ukungu ulio nyuma yake. Nikajipanga. Sikununua mkoba wa kamera. Mkoba wa kamera unapiga kelele njiani. Nilichukua kiondo cha mama, kile kikapu chake cha kusuka, nikakishonea kitambaa cha blanketi ndani. Stendi ya miguu mitatu tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mbao, kubwa kama ng'ombe, nikaiacha. Badala yake nilishona mfuko mdogo nikaujaza punje za ndengu, wa kuegemezea lenzi juu ya ukuta au gunia. Mifuko ya plastiki kwa ajili ya vumbi. Soksi yenye mchele mkavu, kwa sababu ukungu wa kwetu huingia hata ndani ya saa ya mkononi. Na filamu za slaidi, ambazo picha hubaki kwenye filamu yenyewe, siyo negativu za kutolea picha za karatasi, kwa kuwa mhariri alisema magazeti makubwa hayataki kitu kingine.

"Slaidi nani atakuoshea?" kaka akauliza.

"Nairobi."

"Na wateja?"

"Sina wateja. Ninasafiri."

Akaendelea kupunguza kingo za picha za vitambulisho.

Nilianza na chai na ukungu, nikapiga vizuri. Kisha nikashuka Embu, nikalala nyumba ya wageni iliyonuka rangi mbichi, na kesho yake nikaingia Kiritiri siku ya soko. Joto lilinipokea kama mtu anayenijua. Mbuzi walikuwa wamefungwa kamba ya mguu mmojammoja, magunia ya mkaa yamepangwa kama wazee wanaosubiri mkutano, na malori ya mchanga yakipita nyuma yalimimina vumbi juu ya yote. Niliweka mfuko wa ndengu juu ya ukuta mfupi, nikaegemeza lenzi, nikaanza kuvuta nyuso.

Walinigundua mara moja. Mpiga picha aliyefika sokoni alijulikana kazi yake: anapiga, anaondoka, siku ya soko inayofuata analeta picha. Mwanamke mmoja mzee, muuza mbuzi, akajifunga leso upya na kusimama wima katikati ya njia, akanielekea.

Kwa lenzi ile, ili nimpate vizuri, ilinibidi nirudi nyuma. Nikarudi. Bado uso wake ulijaa kila mahali. Nikarudi tena, hadi mlangoni mwa duka la mbegu, na sasa kati yetu walipita mbuzi, mikokoteni na nusu ya soko.

"Wewe mwari!" akaita. "Unaenda wapi na mimi nimesimama?"

"Nakupiga, cucu!" nikamjibu, nikimwita bibi kwa lugha ya huko.

"Unapiga nani huko? Mimi niko huku!"

"Anapiga mbuzi," mtu akasema, na watu wakaangua kicheko. "Cucu, toka hapo, unamkinga mbuzi wa watu!"

Nilimpiga. Nilipomkaribia alikuwa bado amesimama hivyohivyo, hajalegea.

"Miguu imeingia?"

"Nimechukua uso, cucu. Uso wako ni mzuri sana."

"Uso?" Akautazama mguu wake mmoja, kisha mwingine. Yote ilikuwa ya vumbi, haina viatu. "Sasa mimi nilisimama kwa nini?"

Wengine walijipanga nyuma yake hata hivyo. Niliwapiga wote, haraka, nikitoka jasho, nikitaka jua lisinikimbie. Hakuna aliyeniuliza kama nitarudi. Hilo halikuwa jambo la kuuliza.

Slaidi zilirudi kutoka Nairobi baada ya kusubiri kulikonifanya nigombane hata na paka. Kaka alizishika moja moja dhidi ya dirisha, vipande vidogo vya rangi ndani ya fremu za karatasi. Zilikuwa nzuri. Najua mpaka leo zilikuwa nzuri: shavu la yule cucu likiwa na mstari wa mwanga, vumbi nyuma yake kama dhahabu.

"Umemkata," kaka akasema. Akachukua nyingine. "Huyu naye umemkata shingoni. Huyu kifuani. Wewe ni mpiga picha au ni jirani yetu?"

"Ndivyo zinavyopigwa."

"Sawa. Na hiki ndicho utampelekea huyu mama? Akitundike wapi, kwenye ukucha?"

"Sirudi Kiritiri. Hizi zinaenda kwa mhariri."

Alizirudisha slaidi kwenye boksi, moja moja. Kisha akasema, "Wamesimama juani, dada. Wanasubiri," na nilijua kwamba ataenda yeye.

Alienda siku ya soko. Hakubeba lenzi ndefu wala mfuko wa ndengu. Kwenye kiondo changu alitia lenzi fupi ya baba, filamu nyeusi na nyeupe, na ile jozi ya viatu. Nilimcheka mpaka nikaketi. Mwenye bucha naye alitoka kumtazama.

"Unaenda kupiga picha au kuposa?"

"Vyote," kaka akamjibu, akaenda.

Alitarajiwa kurudi kesho yake. Hakurudi. Nilikaa studio nikiwapiga watu picha za vitambulisho kwa kamera ya baba yenye tundu, sasa na lenzi ndefu, nikiwasogeza ili doa liangukie ukutani, na kila saa nilitoka mlangoni. Kaka yangu hakuwahi kulala nje ya Meru zaidi ya mara moja au mbili maishani. Alipoingia hatimaye alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi na sauti imekauka. Soko la Kiritiri lilipoisha, alisema, mtu mmoja alimwambia kuna wachimba mchanga mtoni hawajawahi kupigwa picha, akaenda. Huko mtoni akaambiwa kuna wachoma mkaa upande wa pili, akavuka.

"Ulivuka vipi?"

"Kwa miguu. Viatu nilivishika mkononi."

Akajifungia chumba cha giza. Baadaye akaniita. Nilisimama karibu naye chini ya taa nyekundu, ndani ya ile harufu ya dawa inayokaa kooni, na kwenye sinia karatasi nyeupe ilianza kupata kivuli. Viatu vilitokea kwanza, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa vyeusi zaidi. Kisha gauni, kisha mikono, kisha yule mzee muuza mbuzi mwenyewe, mzima, amesimama kwenye ardhi yake, akinitazama. Karatasi ya pili: viatu vilevile, mwanamume wa mchanga, suruali imekunjwa. Ya tatu: viatu vilevile, msichana aliyevishika visimtoke, vidole vimekunjika ndani, unaweza kuviona vilivyokunjika kwa jinsi alivyosimama. Ya nne. Ya tano. Watu wa nchi nzima kavu, mmoja baada ya mwingine, wakipokezana jozi moja ya viatu.

Niliketi kwenye ndoo, bado nikizitazama. Kaka alidhani nimechoka.

Siku ya soko iliyofuata kaka aliwapelekea wenyewe picha zao; nami nilipofunga bahasha ya mhariri nilitia slaidi zangu zote, na mwishoni nikatia nakala chache za kaka. Nilijiambia ni kwa ajili ya kulinganisha, ili mhariri aone mpiga picha wa mtaani anaonaje, kisha aone mimi. Nilikuwa na uhakika kiasi hicho.

Siku niliyopiga simu Nairobi kulikuwa na mvua, na foleni ya kibanda cha simu cha posta ilikuwa imenigandama mgongoni. Mhariri alikuwa mwanamke mwenye sauti ya haraka.

"Nimeziona. Slaidi ni safi, umejitahidi. Lakini slaidi za namna hiyo ninazo kabati zima. Niambie hizi za viatu. Umewezaje? Nimezipanga sakafuni hapa, ofisi nzima imesimama. Hizi ndizo ninazotaka kutoka kaskazini. Ni wewe?"

Mtu nyuma yangu alikohoa. Mita ya simu ilikuwa inahesabu. Nilikuwa na neno moja fupi la kusema na gari lingekuwa langu. Viatu ningevibeba, lenzi fupi ningeiweka, ningejifunza. Niliiona barabara ya Isiolo ikishuka mbele yangu, nyeupe, imenyooka.

"Sio mimi," nikasema. "Ni kaka yangu."

"Anaweza kuondoka Jumatatu?"

"Anaweza."

Nilirudi Majengo nikitembea kwenye mvua kwa sababu kusimama nisingeweza. Kaka alikuwa anamnyoosha kola mteja. Nilisubiri mteja atoke.

"Gari linakuchukua Jumatatu."

"Gari gani?"

"La Turkana. Wamependa za viatu."

Akacheka, kisha akaniangalia, akaacha. "Hiyo ni nafasi yako."

"Ilikuwa nafasi ya mpiga picha."

"Mimi nina studio. Mimi silali nje. Wewe ndiye unayekosa usingizi hapa, unapiga ukuta teke usiku kucha, jirani analalamika."

"Ulivuka mto kwa miguu."

"Nilikuwa nimetumwa."

"Hukutumwa na mtu. Nilikuona uliporudi." Sauti yangu ilikuwa inapanda, na sikujua kama nimemkasirikia yeye au nafsi yangu. "Ulikuwa hunioni hata. Ulikuwa bado uko kule."

Aliketi kwenye kiti cha wateja, akatazama mikono yake, na nikaona goti lake likitikisika. Nalifahamu goti lile. Ni la kwangu.

Jumatatu nilimpangia mimi, kwa kuwa yeye hakujua kitu chochote kuhusu kusafiri. Lenzi fupi nikaizungushia kitambaa cha blanketi. Mifuko ya vumbi. Ile jozi ya viatu, chini kabisa. Filamu nikazitoa kwenye maboksi zisichukue nafasi. Alitaka kuniachia kamera.

"Baki nayo. Huko watakuwa na ya kwao."

"Watakuwa na kama ile ya betri," nikasema. "Beba."

"Na wewe utapiga na nini?"

"Na ya tundu. Nimeshajua pa kuwasimamisha."

"Hutakaa. Nakujua. Wiki moja hutakaa."

"Nenda, kaka."

Alisimama katikati ya chumba akikitazama kana kwamba kuna mtu amesahau kumuaga. Alinyoosha picha moja ukutani iliyokuwa imenyooka tayari. Aliniambia ule unga wa dawa uliobaki unatosha, nisiuchanganye na maji ya moto. Kisha akavuta kamba ya kamera begani, akakiinua kiondo, na alipofika kizingitini hakugeuka. Mlango wetu huvimba wakati wa mvua. Aliuvuta kwa nje, ukakwama, akauachia, akauvuta tena kwa mikono miwili, ukafungika.